Diski ya Kuokolea Kompyuta katika Pwani ya Ziwa

Tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, vyombo vya ufundi vimekuwa vikishuka pwani ya Ziwa Viktoria pamoja na adha zake. Na katika adha za kompyuta, ni chache zilizowahangaisha wenye saiba na ofisi ndogo kama mashine iwakayo, ikaonyesha mistari miwili ya maandishi meupe juu ya kiza, kisha ikakataa katakata kuendelea.

Sababu aghalabu ilitoka juu. Bonde la ziwa ni miongoni mwa nchi zenye radi nyingi mno duniani, kwani upepo wa ziwani hukutana alasiri na joto la nchi kavu, ukapandishwa kwenye miinuko ya Nandi na Kericho hata mawingu yakafumka. Na stima ikikatika ghafula ilhali kompyuta inaandika katika hadi diski, faili moja tu la mfumo endeshi likiharibika latosha kuizuia isiamke.

Zama za Windows 95 dawa ilikuwa flopi ya megabaiti 1.44, iliyoweza kuiamsha mashine lakini si kuubeba mfumo mzima. Sidii, yenye nafasi ya megabaiti 700 hivi, ndiyo iliyoleta mapinduzi, hasa ilipotoka Windows XP mwaka 2001. Fundi aliingia kwanza katika BIOS akaamuru sidii isomwe kabla ya hadi diski. Sidii ya Windows ilipokwisha kusomwa, akabonyeza herufi R, na katika uwanja mweusi uliofunguka akaandika chkdsk /r ili sehemu mbovu zibainishwe, kisha fixboot, ili sehemu ya kuwashia iandikwe upya. Hiyo ilikuwa tiba ya mwenye subira. Wasio na subira walipendelea kuformati na kupiga Windows upya, na hesabu za duka au tasnifu ya mwanafunzi zikapotea pamoja na maradhi.

Kwa hiyo nampa heshima kubwa Klaus Knopper, Mjerumani aliyetoa Knoppix mwaka 2000: Linux iendeshwayo yote kutoka kwenye sidii bila kuigusa hadi diski, hata nyaraka zikanusurika kabla ya matengenezo kuanza. Ubuntu nayo, tangu 2005 hadi 2011, ilipeleka sidii zake kwa posta bure ulimwenguni. Na thamani yake ataijua akumbukaye kwamba kuzipakua megabaiti 700 kwa laini ya simu ya kilobiti 56 kulihitaji zaidi ya saa 27, hata laini ingekwenda kwa kasi yake yote.

Nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilianza kazi Mombasa mwaka 2009, flashi ikachukua nafasi ya sidii, na msaada wa Windows XP ukakoma tarehe 8 Aprili 2014. Mashine nyingi za leo hazina hata tundu la sidii: nakala ya kujirejesha imefichwa katika kipande cha diski yenyewe, jambo lifaalo mfumo ukiharibika, lisilofaa kitu diski ikifa.