Safari ya Meli ya 1867: Mastaa Hawakutokea, Ratiba Ikabana, Wanane Wakashuka Kwenda Kivyao

Kuna ubishi ambao hauishi kwenye magrupu ya WhatsApp kila watu wanapopanga safari. Upande mmoja wanataka walipie paketi nzima, wapelekwe na warudishwe, kazi yao iwe kula na kupiga picha. Upande wa pili wanasema hapana, twende kivyetu, mengine tutajua huko huko. Basi ubishi huo huo uliwahi kuwaka ndani ya meli moja ya Wamarekani mwaka 1867, na waliobishana hawakuwa vijana wa mjini. Wengi walikuwa wazee wa heshima zao, watu wa kanisa, wenye mkwanja.

Meli iliitwa Quaker City. Ilikuwa meli ya mvuke, yenye magurudumu makubwa ubavuni ya kusukumia maji, na ilikuwa imetumika kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani iliyoisha 1865. Wazo la safari lilitoka kwa waumini wa kanisa la Plymouth, Brooklyn. Mpango wenyewe ulikuwa mkubwa kweli: kuondoka New York, kuvuka Atlantiki, kuzunguka Mediterania yote, kuingia Bahari Nyeusi mpaka Crimea, kisha Nchi Takatifu na Misri, halafu kurudi. Miezi mitano na ushee.

Bei? Dola 1,250 kwa kichwa, unatanguliza asilimia 10 ili ushikiwe nafasi. Hiyo ni ya melini tu. Nchi kavu ulishauriwa uwe na dola 5 za dhahabu kwa kila siku utakayokuwa huko. Kibarua wa kawaida Marekani wakati huo alikuwa anapata dola moja na kitu kwa siku, kwa hiyo nauli peke yake ilikuwa jasho lake la zaidi ya miaka miwili, asile, asilipe kodi ya nyumba. Na hata hela ukiwa nayo, kulikuwa na kamati ya kukujadili kama unafaa kupanda. Yaani unalipa, na bado unachujwa.

Tangazo lilijua kuuza. Daktari yupo, maktaba ipo, vyombo vya muziki vipo, hadi mizinga midogo ya kupigia saluti. Kikubwa zaidi, ilivuma kwamba mhubiri Henry Ward Beecher, aliyekuwa staa wa mimbari Marekani nzima, angekuwepo. Na Jenerali Sherman, shujaa wa vita, naye yumo. Watu wakalipa wakijua watakula meza moja na majina makubwa.

Beecher hakutokea. Sherman naye akajitoa. Nafasi zilikuwa 150, ila waliosafiri hawakufika hata nusu. Ndiyo yale yale ya poster yenye sura ya msanii, halafu siku ya shoo unaambiwa amepata dharura.

Aliyebaki kama jina ni mwandishi mmoja wa miaka 31 ambaye hakutoa hata senti yake. Gazeti la Alta California la San Francisco lilimlipia nauli ili awe anatuma barua za safari. Jina lake halisi Samuel Clemens, ila dunia inamjua kama Mark Twain. Alipenda tumbaku, kinywaji na kukaa macho usiku. Wenzake wengi walipenda nyimbo za dini na sala ya kila jioni. Dansi ilijaribiwa sitahani ikafa, maana meli ikiyumba wachezaji wote wanatelezea upande mmoja.

Hata hivyo ile paketi haikuwa ya kijinga. Chumba chako kinakufuata. Huhangaiki kutafuta nyumba ya wageni usiku kwenye mji usiojua lugha yake, mizigo haipotei, ukiumwa daktari yuko hatua chache. Na kuna milango ambayo mtu mmoja mmoja hafunguliwi. Mwezi Agosti, walipofika Yalta, Mfalme wa Urusi Alexander wa Pili aliwapokea kundi zima. Mfalme alisomewa hotuba waliyoiandika wenyewe kwa kamati, Twain akiwa mmoja wa waandishi, na mfalme akawatembeza mwenyewe kwenye makazi yake. Nani angemfikia mfalme wa Urusi akiwa amebeba begi lake peke yake? (Miezi michache tu kabla, Urusi ilikuwa imewauzia Wamarekani Alaska kwa dola milioni 7.2. Leo Alaska hiyo hiyo ndiyo kituo kikuu cha safari za meli zinazounganishwa na treni na mabasi ya nchi kavu, na watalii wanabishana vile vile: ninunue vyote pamoja au nikishuka nijitegemee?)

Tatizo la meli ni saa. Meli ina ratiba, na ratiba haina huruma. Kipengele kimoja cha tangazo kilisema njia inaweza kubadilishwa iwapo abiria wote watakubaliana kwa kura. Wote. Jaribu kukubaliana na watu wanne tu kuhusu chakula cha mchana, halafu fikiria hao sitini na kitu.

Mambo yaliharibikia Ugiriki. Meli ilifika bandari ya Piraeus, Athens inaonekana kwa mbali, ila mamlaka wakasema karantini: mkae siku 11 bila kushuka au muondoke. Uongozi wa meli ukaamua kuondoka. Yaani umevuka bahari, umelipa dola 1,250, Akropoli ile pale, na unaambiwa tunapakia mahitaji kisha safari inaendelea.

Usiku ule wanne, Twain akiwemo, wakachukua mashua ndogo kimya kimya wakashuka. Wangekamatwa walikuwa wanakwenda jela. Walitembea kwa miguu kwenye mwanga wa mwezi kilomita kadhaa hadi mjini, njiani wakiiba zabibu mashambani na kufokewa na walinzi. Juu kabisa wakakuta geti limefungwa, wakagonga, wakawapa walinzi kitu kidogo, wakaingia. Waliona Parthenon usiku, bila kundi, bila mtu wa kuwaambia muda umeisha. Alfajiri walikuwa wameshajirudisha melini. Katika safari nzima huo ndio usiku ambao Twain aliuandika kama mtu aliyeguswa kweli.

Ukiishia hapo utasema kwenda kivyako ndiyo mpango. Subiri.

Beirut, mwezi Septemba, swali lilikuja waziwazi. Unaweza kubaki na meli izunguke pwani hadi Jaffa, au ushuke na kupita nchi kavu: Damascus, Galilaya, Nazareti, Yerusalemu, kisha uikute meli Jaffa. Ni wiki kadhaa juu ya farasi, kwenye joto kali. Wanane wakachagua kushuka. Ndoto ya uhuru.

Sasa angalia uhuru wenyewe ulivyokuwa. Walimpata mkalimani wa kupanga kila kitu, aina ya mtu ambaye Wazungu walimwita "dragoman". Neno hilo ni tarjumani ya Kiarabu iliyopindishwa na midomo ya Kizungu, tarjumani ile ile iliyozaa "kutarjumi" na "tarjuma" za Kiswahili. Bei yake ilikuwa dola 5 za dhahabu kwa mtu kwa siku. Kwa hela hiyo walipewa watumishi 19 na baghala 26, wale nyumbu chotara wa kubebea mizigo. Watu wanane! Jioni ya kwanza walitegemea kulala kwa shida, wakakuta mahema yametandikwa mazulia, vitanda vya chuma, taulo safi, vinara vya mishumaa, na chakula cha jioni ambacho melini hawakukizoea. Twain mwenyewe alicheka kwamba hiyo ndiyo iliitwa kupiga kambi.

Hapo ndipo hadithi ya "tumejitegemea" inapopwaya. Walichokwepa ni abiria wenzao na kengele ya nahodha. Kutegemea watu wengine walikuwa wamezidisha. Kila asubuhi kuna mtu aliyeamka kabla yao akakunja hema, akapakia baghala, akatangulia kwa miguu ili wakifika wakute maji ya moto.

Na ratiba nayo waliibeba mgongoni. Kuelekea Damascus, watatu kati ya wale wanane waligoma kusafiri Jumapili kwa sababu ya dini. Njia ilikuwa ya siku tatu kwa farasi waliochoka kama wale. Badala ya kupumzika njiani, kundi zima likalazimika kukimbiza ili waingie mjini kabla ya Jumapili, siku moja wakikaa juu ya farasi saa 13. Twain alilalamika kwamba kuwatesa wanyama ili kuitunza siku ya Mungu ni mahesabu ya ajabu, hakusikilizwa. Damascus yenyewe aliiona kidogo: siku ya mwisho alilala hoi na tumbo lililofanana na kipindupindu, na daktari wa meli yuko mbali.

Halafu kuna ile ya ziwa la Galilaya, ambayo mtu yeyote aliyewahi kubishana bei na bodaboda ataielewa. Mahujaji wale walikuwa wameota maisha yao yote kupanda chombo kwenye maji yale ya Injili. Walipofika ufukweni mashua ikapita. Wakaita kwa kelele, ikasogea. Bei gani kutuzungusha? Sarafu mbili za dhahabu, kama dola 8 kwa wote. Ghali mno, tunatoa moja! Kabla sentensi haijaisha mashua ilikuwa imeshageuza inaondoka. Wakakimbia ufukweni wakipunga mikono, sasa wako tayari kulipa zote mbili na zaidi. Wavuvi hata hawakugeuka. Watu waliotumia zaidi ya dola elfu kufika pale walikosa kuelea kwenye Galilaya kwa ajili ya dola 4. Zikafuata lawama za nani aliyesema ni ghali.

Wavuvi wale hakuna anayewajua majina, na si wao tu. Paris, mwanzoni mwa safari, Twain na rafiki zake walimkodi muongoza watalii, wakaona jina lake halipendezi, wakambatiza Ferguson. Ferguson wa Paris alikuwa mjanja: wao wanataka makumbusho ya Louvre, yeye anawapitisha maduka ya hariri, maana kila wanachonunua ana cha juu chake. Baada ya hapo kila aliyewatembeza, Italia, Uturuki, popote, wakamwita Ferguson. Waliona kutamka majina ya watu ni kazi. Kwenye ile safari ya nchi kavu ni hivyo hivyo: ukiwaacha wakalimani, wale watumishi 19 hawana majina kwenye hadithi, wakati orodha ya abiria wa Quaker City imehifadhiwa mtu kwa mtu. Waliotamba kwamba wamezunguka wenyewe walizunguka juu ya migongo ya akina Ferguson.

Jaffa ndiko kulikuwa na somo gumu zaidi, na wala halikuwa kwenye ratiba. Mwaka mmoja kabla, familia za Wamarekani kutoka jimbo la Maine, watu zaidi ya 150, walikuwa wamemfuata mhubiri aliyewahi kuwa mwigizaji wa jukwaani. Aliwaahidi makazi mapya katika Nchi Takatifu. Wakauza mali, wakapanda meli, wakamwachia yeye kila kitu. Mazao yakafeli, maradhi yakaingia, watu wakazikwa. Quaker City ilipotia nanga, waliobaki wengine hawakuwa na nauli ya kwenda popote. Takriban 40 walipandishwa melini hadi Alexandria. Huko abiria mmoja, mwenye gazeti New York, akatoa dola 1,500 zake mwenyewe kuwarudisha nyumbani.

Hao nao walikuwa wamechagua safari ya kuongozwa. Tofauti yao na abiria wa Quaker City ni kwamba nahodha wa meli alikuwa na sababu za kurudi New York na watu wake wote, na ahadi zake zilikuwa kwenye karatasi. Mhubiri wa Jaffa alikuwa na maneno tu. Anayetaka kujua kama paketi ni nzuri au mbaya angeanza na swali hilo: mambo yakiharibika, anayeongoza anapoteza nini?

Quaker City ilirudi New York tarehe 19 Novemba 1867. Kesho yake Twain alichapisha barua kwenye gazeti la New York Herald akiwachana abiria wenzake: wazee, wasala, wasiojua kula bata. Walikasirika sana, na nahodha aliendelea kurushiana naye maneno magazetini miaka mingi baadaye. Kitabu cha safari kilitoka 1869 na kikauza sana, nakala maelfu kwa makumi ndani ya mwaka wa kwanza. Nauli aliyolipiwa ilirudi mara nyingi.

Na kuna faida moja ya meli ambayo asiyesafiri na kundi haipati. Kati ya abiria alikuwemo kijana wa miaka 17 kutoka Elmira, mtoto wa tajiri, aliyepelekwa na wazazi wake akajifunze dunia. Kijana huyo alimwonyesha Twain picha ndogo ya dada yake. Tarehe 2 Februari 1870 dada huyo, Olivia, alifunga ndoa na Mark Twain.