Wageni Walioomba Jembe: Taarikhi ya Kujitolea Ughaibuni

Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki imezoea wageni tangu zama za kale, na kila aina ya mgeni ilikuwa na sababu ya safari yake iliyojulikana kwa wenyeji kabla hata hajatia mguu nchi kavu: mfanyabiashara aliyefuata pepo za kaskazi alitaka pembe na boriti, hujaji alipita njiani akielekea Hijazi, askari alitumwa na mfalme wake, na padre alitumwa na kanisa lake. Msafiri mmoja tu, aliye mdogo kuliko hao wote kwa umri wa ada yake, hakuwamo katika hesabu hiyo, naye ni yule aendaye nchi asiyoijua, aghalabu peke yake na kwa mara ya kwanza maishani, kwa nia ya kuwafanyia kazi watu asiowajua pasipo ujira. Ada ya msafiri huyo, kwa sura tuijuayo leo, imezidi karne moja kwa miaka michache tu. Na mwenye kuifuatia taarikhi yake kwa makini atabaini kwamba heshima yake imepanda na kushuka kwa kufuata swali moja, ambalo halihusu wema wa mgeni wala wingi wa elimu yake, bali lahusu nani aliyemwita na nani amwongozaye.

Asili yake iko katika vifusi vya vita. Mhandisi mmoja wa Uswisi, Pierre Cérésole, aliyezaliwa Lausanne mwaka 1879 na ambaye baba yake alipata kuwa rais wa nchi hiyo, alikataa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kulipa kodi ya jeshi, akafungwa kwa ajili ya ukaidi huo. Na vita vilipokwisha akaona kwamba ni aibu kwa mpenda amani kuishia katika hotuba ilhali askari, kwa upande wake, hutoa jasho na damu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1920 alikwenda na wenzake wachache katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun nchini Ufaransa, kijiji kilichosagwa na mizinga hata hapakusalia nyumba ya kukaa mtu, wakajenga vibanda vya mbao, wakasafisha mashamba yaliyojaa vyuma vya makombora, wakatengeneza na barabara. Miongoni mwao walikuwamo Wajerumani, watu wa taifa ambalo miaka miwili tu kabla yake lilikuwa likikipiga kijiji kile kile. Na ingawa azma yao ilikuwa safi, baada ya miezi kama mitano iliwabidi wafungashe virago, kwa sababu wakubwa wa huko hawakuridhia kuwaona. Hivyo mwanzoni kabisa mwa ada hii palionekana jambo ambalo wengi waliofuata walilisahau, ya kwamba jasho, hata likiwa halali namna gani, halijigeuzi kuwa idhini.

Cérésole mwenyewe hakulisahau. Chama alichokiasisi kilikwenda kuondoa maporomoko katika milima ya Uswisi, na mwaka 1928 kikawakusanya mamia ya watu wa mataifa mbalimbali kusafisha mashamba ya Liechtenstein yaliyofunikwa kwa mchanga na mafuriko ya mto Rhine. Kisha, tarehe 15 Januari 1934, tetemeko kubwa la ardhi lilipouangusha mkoa wa Bihar katika Bara Hindi, mzee huyo, aliyekuwa sasa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, alisafiri peke yake kwenda huko, kwanza kuuliza. Aliwaendea viongozi wa Kihindi walioshika kazi ya misaada, akiwamo Rajendra Prasad ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa India, akaambiwa kinachotakiwa, ndipo aliporejea Ulaya kuwachukua wenzake wachache. Nao wakafanya kazi bega kwa bega na Wahindi kuvihamishia vijiji mahali pa juu pasipofikiwa na maji. Wakati huo Bihar ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na mzungu aliyebeba karai la udongo kwa amri ya Mhindi alikuwa kioja. Lakini kioja hicho ndicho kilichokuwa kiini cha kazi yenyewe.

Katika Uingereza ada hii ilichukua sura nyingine. Serikali ya huko ilipotangaza mwaka 1957 kwamba vijana hawataitwa tena jeshini kwa lazima, walianza kutokea vijana wa miaka 18 waliomaliza skuli, walioahidiwa nafasi katika vyuo vikuu, na ambao hapo katikati walikuwa na mwaka mzima usio na kazi. Alec Dickson, aliyekwisha kufundisha vijana katika Afrika ya Magharibi na kuitembelea Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, ambako ndugu yake alikuwa mkuu wa idara ya elimu, aliona kwamba mwaka huo waweza kutumika. Na mwaka 1958, yeye na mkewe Mora, wakaanza kuwapeleka ng'ambo vijana wachache katika chama kilichokuja kujulikana kwa herufi zake, VSO. Kijana aliyekuwa hajapata kuvuka bahari alitupwa peke yake katika kijiji cha mtoni, akae na wenyeji, ale wanachokula, na afundishe kile kidogo alichokijua. Dickson aliamini kwamba safari ya namna hiyo ingemkomaza kijana mwenyewe kama ambavyo ingemfaa mwenyeji, na katika hilo alikuwa mkweli kuliko wengi. Ila mataifa yaliyokuwa yakipata uhuru hayakuwa na haja ya kuwa skuli ya kuwakomazia watoto wa wenzao. Yalitaka walimu wenye shahada na mafundi wenye ujuzi, na tangu mwaka 1962 na kuendelea hao ndio waliozidi kupelekwa, hata wale vijana wa miaka 18 wakatoweka pole pole katika orodha.

Huko Marekani jambo lilianza usiku wa manane. Tarehe 14 Oktoba 1960, yapata saa nane za usiku, John Kennedy, akiwa bado anaomba kura, aliwauliza maelfu ya wanafunzi waliomngojea katika chuo kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, ni wangapi kati yao walio tayari kwenda kufanya kazi Ghana. Na tarehe 1 Machi 1961, akiwa rais, alitia sahihi amri ya kuunda Peace Corps, akaikabidhi kwa shemeji yake, Sargent Shriver. Kanuni ya shirika hilo ilikuwa kwamba halipeleki mtu ila kwa nchi iliyoomba, na ya kwamba mtumishi wake atakaa miaka miwili, atapewa posho ya kumkimu tu, na kila mwezi atawekewa akiba ya dola 75 atakazozipokea akirudi kwao. Ghana iliomba walimu. Tanganyika, iliyokuwa ikielekea uhuru wake na yenye barabara za lami chache mno, iliomba wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia.

Kwa hiyo kundi la Tanganyika, lililokuwa na watu 35, lilikuwa miongoni mwa makundi ya mwanzo kabisa kuandaliwa. Walifundishwa katika chuo cha Texas Western, mjini El Paso, kisha wakazoeshwa mashaka ya nyika katika kisiwa cha Puerto Rico. Na tarehe 28 Agosti 1961 Kennedy akawaaga wao na wenzao wa Ghana katika bustani ya Ikulu ya Washington. Wale wa Ghana walipofika Accra siku mbili baadaye, waliimba mbele ya wenyeji wao wimbo wa lugha ya Kitwi. Na wale wetu walishuka Dar es Salaam kabla bendera ya uhuru haijapandishwa tarehe 9 Desemba.

Inafaa kutua kidogo kuitazama kazi yao, maana ndani yake kuna mengi. Kupima njia ya barabara porini si kazi ya mtu mmoja hata awe hodari vipi: mmoja huinama nyuma ya darubini iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, mwingine husimama mbali ameshika fito yenye vipimo, wengine huvuta mnyororo wa kupimia, na wengine hutangulia na mapanga wakifyeka mstari ulionyoka ili jicho lipate kupita, na kila baada ya hatua kadhaa kigingi hupigwa ardhini. Mwenye darubini anaijua hesabu ya pembe. Lakini ni mwenye panga ajuaye kwamba bonde lile linaloonekana kavu mwezi wa Septemba huwa mto wakati wa masika, na kwamba kilima kile kina makaburi ya wazee yasiyopitiwa. Mpimaji asiyeuliza angechora barabara nzuri sana karatasini, na masika ya kwanza yangeichukua. Wahenga wetu walikwisha kuliamua shauri hili waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na katika neno lao hilo jembe hutoka mkononi mwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye aonyeshaye tuta la kuanzia.

Namna mambo yanavyokwenda mrama pale mgeni anaposahau kwamba yuko nyumbani kwa watu ilionekana mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 1961, katika chuo kikuu cha Ibadan, Naijeria. Msichana mmoja wa Kimarekani wa Peace Corps, aliyefika karibuni, alimwandikia rafiki yake kadi ya posta, akamsimulia kwa mshangao jinsi watu wanavyoishi, wanavyopika na wanavyouza vitu vyao barabarani. Kadi ikamwanguka kabla ya kuitia posta, wanafunzi wakaiokota, wakaitoa nakala, na chuo kizima kikawaka hasira. Aliomba radhi akaondoka nchini. Alichokiandika hakikuwa uzushi wala hakikukusudiwa kumuudhi mtu. Lakini taifa lililokuwa limetimiza mwaka mmoja tu wa uhuru halikuweza kustahimili kusomwa kana kwamba ni tamasha, na tangu siku hiyo waandaaji wa safari hizi walitambua kwamba jicho la mgeni laweza kudhuru hata pale mkono wake unapofaa.

Tanzania yenyewe iliwapokea mamia ya vijana hao wa Peace Corps, wengi wao wakiwa walimu, hadi hali ya mambo ilipogeuka. Azimio la Arusha la mwezi wa Februari 1967, na kufuatia hilo maandishi ya Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea, yalilitaka taifa litegemee mikono ya watoto wake. Shule za msingi zikashika Kiswahili. Na vita vya Vietnam vikawafanya watu wengi wamtazame Mmarekani kwa jicho la shaka, hata akiwa ameshika chaki. Mwaka 1969 Peace Corps ikaondoka, na ilipokuja kurudi miaka kama kumi baadaye ilirudi kwa kuombwa upya. Wakati huo huo Wadenmark, waliokuwa na kituo chao cha mafunzo Usa River chini ya mlima Meru, walishika desturi ya kumkalisha kila mgeni darasani ajifunze Kiswahili kabla ya kupelekwa kazini. Na Wajapani, walioanza kikosi chao mwaka 1965, nao wakafika Kenya na Tanzania punde baadaye. Nchi iliyoagana na mgeni ikampokea tena, na ikampokea na mwingine wa taifa jingine, haikuwa na kigeugeu. Ilikuwa ikitumia haki yake ya kuchagua.

Haki hiyo ndiyo iliyopotea pale ada ilipogeuka kuwa bidhaa. Tangu miaka ya 1990 yalizidi kutokea makampuni yaliyowauzia vijana wa Ulaya na Marekani nafasi za kujitolea kama zinavyouzwa tiketi za mbugani, kwa majuma mawili au matatu, bila ya kuulizwa ujuzi wala lugha. Na mwenye kulipa ndiye aliyekuwa mteja wa kuridhishwa, si mwenye shida. Ubaya wake umeonekana zaidi katika nyumba za mayatima. Katika nchi kama Kambodia na Nepali ilidhihirika kwamba wengi wa watoto waliowekwa humo walikuwa na mzazi aliye hai, na walitolewa kwao kwa sababu wageni walikuwa wakitafuta mayatima wa kuwahudumia. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo hufundishwa herufi zile zile na nyimbo zile zile na kila mwalimu mpya, humzoea, humlilia siku ya kuagana, na Jumatatu humpokea mwingine. Mwezi wa Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya haki za mtoto lililoigusa biashara hiyo kwa jina lake, jambo ambalo lingestahili kufanywa mapema zaidi.

Si haki, hata hivyo, kuihukumu ada nzima kwa dhambi za wachuuzi wake. Umoja wa Mataifa wenyewe ulikuwa umeunda kikosi chake cha kujitolea kwa azimio la tarehe 7 Desemba 1970, na katika kikosi hicho wamehudumu watu wengi wa Afrika na Asia katika nchi za wenzao. Na kile chama cha Dickson, kilichoanza kwa kutoa vijana Uingereza peke yake, kilikuja kuwa na tawi Nairobi lililoitwa VSO Jitolee, likiwatuma Waafrika wenye ujuzi kwenda kuhudumu kwingine. Mkenya aliyekwenda kufundisha nchi nyingine ya Afrika alikabiliwa na upweke ule ule wa mgeni, na majaribu yale yale ya kudhani kwamba ajuaye darubini ajua na bonde. Hivyo somo hili halina rangi.

Kijana anayeazimia leo kufunga safari yake ya kwanza, awe anatoka Leeds akienda Moshi au anatoka Mombasa akienda Katmandu, ana faida ambayo Cérésole hakuwa nayo Esnes, kwani karne nzima imekwisha kumjaribia njia. Na aulize kwanza jina la mtu aliyeomba msaada huo, na kama halipo, safari hiyo ni ya matembezi na aifanye kwa jina hilo. Na aulize kama kazi anayopewa ingepata mwenyeji wa kuifanya kwa mshahara. Aijue sheria, maana Tanzania, kwa mfano, humtaka mwenye kujitolea awe na kibali cha ukaazi, na viza ya utalii haimtoshi. Aanze lugha kabla ya kufungasha, na awe radhi kuambiwa la kufanya na mtu mwenye elimu ndogo kuliko yake. Asiyeweza hayo hana dhambi yoyote. Na abaki kwao, ambako nako hakukosekani jirani mwenye shida, na ambako, kwa kuwa anaijua lugha na njia, huenda akafaa zaidi.