Mwalimu aachie kazi, mheshimiwa abaki kitini

2027 inabisha hodi, wasee, na kuna walimu saa hii wanapiga hesabu usiku. Sheria ya Uchaguzi ya 2011, kifungu cha 43(5), inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya kura. Ukishindwa je? Ngazi ulizopanda miaka 15, kifungu hicho hakina ahadi ya kukurudishia. Lakini shuka hadi 43(6): rais, gavana, mbunge, MCA, wote hawaguswi. Waliotunga walijikumbuka, si ndiyo?

Ufaransa walipita njia nyingine. Kwa miaka mingi mtumishi wa serikali akichaguliwa mbunge alihesabika ameazimwa tu: kazini aliendelea kupandishwa cheo na pensheni yake ikakua. Bunge la 1981 likajaa walimu. Mwaka 2013 wakakaza: nafasi yako inakungoja, ila vyeo na pensheni ya kazi ile vinasimama mpaka urudi.

Mimi nachukua hiyo ya 2013. Hapa kwetu mwalimu anaacha mbachao kwa msala upitao, tena kabla hata ya kura moja kupigwa.