Kutoka Kitanzi cha Lami hadi Simu ya Mkononi: Historia ya Taarifa za Foleni za Papo kwa Papo katika Programu za Kuelekeza Njia

Utangulizi

Historia fupi za programu za kuelekeza njia kwa kawaida huanzia mwaka 2007, iPhone ilipoingia sokoni, na kuishia kwenye ramani inayomwonyesha dereva barabara ya kijani, ya njano au nyekundu. Katika masimulizi hayo simu ndiyo mhusika mkuu, na taarifa ya foleni huonekana kama tunda lililodondoka lenyewe mara kifaa kilipopatikana. Makala haya yanapinga mpangilio huo. Kufikia mwaka 2007 taarifa za foleni za papo kwa papo zilikuwa zimekwisha kusafirishwa hewani hadi ndani ya magari kwa takribani miaka 10, tena kwa mifumo iliyobuniwa kwa umakini mkubwa. Lililobadilika ni chanzo. Kazi ya kuitazama barabara ilihama kutoka kwenye barabara yenyewe, ikaenda kwenye gari, kisha ikaingia mfukoni mwa dereva. Kila ilipohama, ilibadilisha mmiliki wa maarifa hayo na aina ya barabara zilizostahili kuonekana.

Barabara Inayojipima

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, aliyetaka kujua hali ya barabara alitegemea jicho la binadamu. Mjini Chicago, kituo cha redio cha WGN kilianza mwaka 1958 kumrusha angani kwa helikopta askari polisi Leonard Baldy ili awatangazie madereva hali ya njia. Baldy alifariki dunia katika ajali ya helikopta hiyo mwaka 1960. Kisa chake hutajwa zaidi kwa sababu ya msiba, lakini kwa mwanahistoria kina jambo jingine: mtazamaji mmoja, sauti moja, na wasikilizaji wote wakipokea taarifa ileile, iwe inawahusu au haiwahusu.

Kuanzia miaka ya 1960 jicho hilo lilianza kusaidiwa na vitanzi vya waya vilivyozikwa ndani ya lami. Umeme hupitishwa katika kitanzi. Gari linapopita juu yake, chuma chake hubadilisha tabia ya umeme huo, na mtambo wa kando ya barabara huhesabu gari moja. Kwa kupima muda ambao kitanzi hukaliwa na magari, mhandisi hukadiria msongamano. Vitanzi viwili vilivyopangwa mfululizo humpa kasi. Mbinu hii ilikuwa ya kuaminika, lakini ilidai fedha nyingi. Kila kitanzi kilihitaji lami ikatwe, njia ifungwe, na mafundi warudi tena waya unapokatika. Matokeo yake ni kwamba vitanzi viliwekwa mahali ambapo serikali ilikuwa na sababu ya kutumia fedha, yaani katika barabara kuu za mwendo kasi. Mitaa ya ndani haikupimwa. Upungufu huu wa kijiografia haukuonekana kuwa tatizo wakati huo, kwa kuwa taarifa zilikusudiwa kwanza wahandisi, si wasafiri.

Biti Kumi na Sita

Hatua ya kuifikisha taarifa hiyo kwenye kifaa kilichomo garini ilikamilika katika miaka ya 1990. Japani ilitangulia: mfumo wake wa VICS ulianza kazi Aprili 1996, ukitumia vimulimuli vya kando ya barabara pamoja na mawimbi ya FM kupeleka hali ya njia moja kwa moja katika ramani za magari. Ulaya ilifuata njia ya gharama nafuu zaidi. Mfumo wa RDS, uliobuniwa ili redio iweze kuonyesha jina la kituo, ulikuwa na nafasi ndogo iliyobaki ndani ya mawimbi ya FM, na nafasi hiyo ikapewa ujumbe wa foleni chini ya jina TMC. Ujerumani iliuzindua mwaka 1997.

Watafiti wengi huipita TMC haraka, wakiiona kama teknolojia iliyopitwa na wakati. Inastahili kutuliwa, kwa sababu udogo wake ndio unaoeleza kilichofuata. RDS nzima hupitisha biti 1,187.5 tu kwa sekunde, na TMC ilipata sehemu tu ya kiasi hicho. Katika ufinyu huo haikuwezekana kutuma maneno. Wabunifu waliamua kutuma namba: biti 11 kwa ajili ya tukio, kama vile ajali au matengenezo, na biti 16 kwa ajili ya mahali. Kifaa cha dereva kilikuwa na kamusi ya tarakimu hizo ndani yake, kikazigeuza kuwa sentensi. Uamuzi huo ulizaa faida ambayo hata leo inavutia: Mholanzi aliyekuwa safarini Ujerumani aliweza kusoma tangazo la polisi wa Ujerumani kwa Kiholanzi, kwa kuwa hewani hapakuwa na lugha yoyote.

Hata hivyo, biti 16 huweza kutaja mahali 65,536 pekee katika jedwali moja. Wataalamu wa kila nchi walilazimika kukaa na kuamua ni makutano yapi yapewe namba. Makutano ya barabara kuu yalipewa, na njia kubwa za mijini zilipewa kwa kiasi. Mtaa usio na namba haukuweza kuwa na foleni, hata kama magari yalisimama hapo saa nzima, maana mfumo haukuwa na neno la kuutaja. Hapa ndipo dai la makala haya linaposimama. Kikwazo kikubwa cha miaka ya 1990 kilikuwa jedwali la mahali lililotungwa ofisini, likilishwa na vitanzi vilivyofukiwa katika njia chache. Kifaa bora zaidi mkononi mwa dereva kisingeweza kuonyesha kile ambacho jedwali halikukijua.

Gari, Kisha Simu

Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya GPS kwa watumiaji wa kiraia. Kosa la hadi mita 100 lilishuka ghafla likawa la mita chache, na gari likaweza kujua liko barabara gani kati ya mbili zilizo sambamba. Tangu hapo wazo la gari kuwa kipimo kinachotembea likawa la biashara. Kampuni ya Inrix, iliyochipuka kutoka idara ya utafiti ya Microsoft, ilikusanya mienendo ya magari ya makampuni yenye GPS. TomTom ya Uholanzi ilichukua njia nyingine mwaka 2007 kwa kushirikiana na Vodafone: ilikadiria kasi ya barabara kutokana na jinsi simu za wateja zilivyohama kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Simu hizo hazikuhitaji kuwa janja, na wenye simu hawakuhitaji kujua.

Jaribio lililoonyesha kwamba simu yenye GPS ingetosha peke yake lilifanyika California tarehe 8 Februari 2008. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikishirikiana na Nokia, kiliweka simu za Nokia N95 katika magari 100 yaliyoendeshwa na wanafunzi kwa mizunguko kwenye barabara ya I-880 kati ya Hayward na Fremont. Jaribio hilo liliitwa Mobile Century. Magari hayo yalikuwa asilimia 2 hadi 5 tu ya magari yote ya kipande hicho, na bado picha ya kasi waliyoipata ililingana vizuri na ile ya vitanzi vya lami. Asubuhi hiyo ajali ilitokea njiani, na foleni yake ikajitokeza katika mfumo wakati jaribio likiendelea. Kwa wahandisi, hicho kilikuwa kithibitisho kisichopangwa.

Kilichosahaulika zaidi katika jaribio hilo ni namna lilivyoshughulikia faragha. Watafiti walichora mistari ya kufikirika juu ya barabara, na simu ilitoa taarifa ya kasi pale tu ilipovuka mstari. Kati ya mstari na mstari simu ilinyamaza. Karibu na nyumba za watu haikuhitajika kuwekwa mistari kabisa. Mfumo huo ulijengwa juu ya dhana kwamba kutojua baadhi ya mambo ni sehemu ya ubora wa kipimo.

Soko lilichagua mkondo mwingine. Google ilikuwa imeweka rangi za foleni katika ramani yake ya miji zaidi ya 30 ya Marekani Februari 2007, kwa barabara kuu. Agosti 2009 ilitangaza kwamba simu za watumiaji walioruhusu mahali pao pajulikane zitatumika kupima hata njia za kawaida za mijini, huku ikiahidi kufuta mwanzo na mwisho wa kila safari. Oktoba mwaka huohuo ilitoa uelekezaji wa njia bila malipo katika simu za Android, na hisa za kampuni zilizouza vifaa vya GPS zikaporomoka. Tofauti na mistari ya Berkeley ni ya msingi: kule simu haikusema, hapa ilisema, na mpokeaji akaahidi kusahau. Ahadi ya namna hiyo humtegemea anayeitoa. Mwaka 2011 ilibainika Uholanzi kwamba polisi walikuwa wametumia takwimu za kasi zilizotoka TomTom kuamua mahali pa kutega kamera za mwendo. Takwimu hizo hazikuwa na majina ya watu, na kampuni iliomba radhi. Lakini madereva walikuwa wamechangia kasi zao ili wakwepe foleni, wala si ili wategewe.

Waze, iliyotokana na mradi wa ramani huria ulioanzishwa Israel na Ehud Shabtai mwaka 2006, ilirudisha jicho la binadamu kwa kumruhusu mtumiaji aandike anachokiona: ajali, shimo, polisi. Google iliinunua Juni 2013, na ndani ya miezi michache taarifa hizo zikaonekana katika ramani ya Google pia.

Wenye Mtaa

Jedwali la TMC lilipovunjika, mitaa midogo ilipata kuonekana kwa mara ya kwanza, na ikaanza kujuta. Mji mdogo wa Leonia, New Jersey, ulio jirani na daraja la George Washington, ulijikuta ukifurika magari yaliyoelekezwa na programu kukwepa foleni ya daraja. Januari 2018 ulizifunga takribani njia zake 60 kwa wasio wakazi katika saa za asubuhi na jioni. Mwaka huohuo mahakama ilizibatilisha amri hizo. Mwanahisabati Mjerumani Dietrich Braess alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1968 kwamba kuongeza njia katika mtandao kunaweza kurefusha safari ya kila mtu iwapo kila dereva anatafuta njia iliyo fupi kwake mwenyewe. Programu haikujenga njia mpya Leonia. Iliifanya njia ya wakazi ijulikane na wageni, na kwa hesabu za Braess kujulikana kunatosha.

Udhaifu wa pili ulidhihirishwa na msanii Simon Weckert, aliyevuta mkokoteni wenye simu 99 katika mitaa mitupu ya Berlin na kuigeuza kuwa myekundu kwenye ramani. Video yake ilitoka Februari 2020. Wengi waliichukulia kama mzaha. Jibu la Google lina thamani zaidi kwa mtafiti wa Afrika Mashariki kuliko mzaha wenyewe: kampuni ilieleza kwamba ilikuwa imeweka uwezo wa kutofautisha gari na pikipiki katika nchi kadhaa, zikiwemo India, Indonesia na Misri. Mahali ambapo bodaboda hupenya katikati ya magari yaliyosimama, simu ya mwendesha bodaboda husema njia inapitika, na ya mwenye daladala nyuma yake husema imefungwa. Zote mbili husema kweli.

Nairobi: Taarifa Yenye Sababu

Nairobi haikupitia enzi ya jedwali la TMC. Ma3Route, iliyoanzishwa na Laban Okune mwaka 2012, ilikusanya taarifa kutoka kwa wasafiri wenyewe kupitia ujumbe mfupi wa simu, tovuti na Twitter. Jina lake husomeka kwa mwenye Kiswahili pekee: "Ma" ikifuatwa na tarakimu 3 ni matatu. Wachangiaji wake waliweza kuwa hata abiria, si madereva pekee, na tofauti hii ina uzito. Simu inayopimwa kimyakimya hueleza kasi bila sababu. Abiria aliyekwama katika barabara ya Thika huandika kwamba lori limepinduka, kwamba mvua imejaza njia, au kwamba askari ameushikilia mzunguko kwa muda mrefu. Rangi nyekundu ya ramani huyachanganya yote hayo kuwa jambo moja.

Tofauti hiyo imegusa hata uandishi wa historia. Kasi zilizopimwa na simu hubaki katika seva za makampuni, na mtafiti anayetaka kujua Nairobi ilisimama wapi Ijumaa fulani ya mwaka 2014 hana kumbukumbu ya wazi ya rangi hizo. Jumbe za Ma3Route zilikuwa hadharani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulitumia jumbe za kuanzia 2012 hadi 2020 kutambua mahali palipotokea maelfu ya ajali jijini humo. Waandishi wa jumbe hawakuwa wametaja namba za GPS. Walitaja Allsopps, Roysambu, kituo cha mafuta, ng'ambo ya daraja, mara nyingine kwa tahajia tatu tofauti za jina moja. Ili kompyuta iwaelewe, watafiti walilazimika kwanza kutunga orodha ya alama za jiji pamoja na majina yake mbadala: jedwali la mahali, safari hii likitokana na jinsi wakazi wanavyopaita.