Mlio wa Nokia

Mlio wa Nokia ni melodi fupi ya noti 13 ambayo kampuni ya Nokia ya Ufini iliitumia katika matangazo ya televisheni, kisha ikaifanya mlio wa kawaida wa simu zake za mkononi. Baada ya kuenea kwa YouTube melodi hiyo ilipata maisha ya pili katika video za wanamuziki wanaoigeuza kwa namna zao.

Asili

Wengi hudhani ilitungwa kiwandani. Kumbe imetolewa katika Gran Vals, kazi ya gitaa iliyotungwa mwaka 1902 na Mhispania Francisco Tárrega (1852 - 1909). Ni valsi, yaani muziki wa dansi wa Ulaya wenye mapigo matatu katika kila bari, na kilichochukuliwa ni bari ya 13 hadi ya 16 tu. Nokia ilitumia Gran Vals katika tangazo la televisheni mwaka 1992, na mwaka 1994 melodi ikaingizwa katika simu ya Nokia 2110. Mwaka 2009 iliripotiwa kwamba ilisikika duniani mara bilioni 1.8 kwa siku, sawa na mara 20,000 hivi kila sekunde.

Katika Afrika ya Mashariki ilifika pamoja na simu zenyewe, hasa zile za bei nafuu kama "simu ya tochi". Kwa kuwa watu walizoea kubipu, yaani kupiga na kukata kabla ya kupokewa ili kuokoa salio, mara nyingi noti za mwanzo ndizo zilizosikika peke yake.

Video za mtandaoni

Video iliyojulikana zaidi ilirekodiwa katika sinagogi la Prešov nchini Slovakia na kuenea mtandaoni kuanzia mwaka 2011. Lukáš Kmiť alikuwa akipiga viola (ndugu mkubwa wa fidla) peke yake mbele ya hadhira, mara simu ikalia katikati ya muziki. Alinyamaza. Badala ya kukasirika, akaurudia ule mlio kwa viola yake, akaendelea kuupamba papo hapo kana kwamba ni sehemu ya onyesho, na watu wakacheka na kupiga makofi. Mamilioni wameitazama. Uzuri wake hauko katika mzaha peke yake: mpigaji aliirudia melodi papo hapo na kuipa mwendo mpya, kazi inayohitaji miaka ya mazoezi.

Mpiga piano wa Kanada, Marc-André Hamelin, naye alitunga kipande kiitwacho Valse Irritation d'après Nokia, ambacho jina lake linataja wazi kero ya simu ukumbini. Nokia yenyewe iliendesha shindano mwaka 2011 la kuubuni upya mlio huo, na toleo lililoshinda lilikuwa la dabstepu, mtindo wa dansi wenye besi nzito.

Kwa nini hugeuzwa kwa urahisi? Simu za kwanza zilitoa noti moja kwa wakati, bila sauti za kuandamana chini yake. Mwanamuziki anakuta nafasi tupu: anaweza kuongeza besi, kubadili mapigo matatu kuwa manne, au kushusha noti chache ili furaha iwe huzuni. Msikilizaji haipotezi melodi, kwa sababu anaijua tayari.

Mchezo kama huo hufanyika pia kwa mashine za kufulia za Samsung, ambazo zikimaliza kazi hupiga wimbo wa Franz Schubert, Die Forelle (1817). Wapo wapigaji wanaojirekodi wakiandamana na mashine.

Haki

Hapa wanafunzi huchanganyikiwa mara nyingi. Hakimiliki ya Tárrega ilikwisha zamani, hivyo Gran Vals ni mali ya umma na yeyote anaweza kuipiga. Nokia hata hivyo ilisajili mlio kama alama ya biashara ya sauti. Usajili wa aina hiyo hulenga kuzuia mfanyabiashara mwingine asiutumie kutambulisha bidhaa zake. Haumfanyi msajili kuwa mtunzi wala mmiliki wa valsi. Jambo la tatu ni rekodi: mpiga gitaa wa leo akirekodi Gran Vals, rekodi hiyo ina haki zake, na anayeikata na kuiweka katika video yake bila ruhusa anaweza kudaiwa, ingawa melodi yenyewe ni huru.