Damu Ikizidi Nayo ni Ugonjwa: Ifahamu Saratani Inayofanya Damu Kuwa Nzito

Watu wengi wakisikia fulani ana shida ya damu, wanajua moja kwa moja imepungua. Lakini wapo wagonjwa ambao shida yao ni kinyume kabisa: damu imezidi, imekuwa nzito na inapita kwa taabu kwenye mishipa.

Chanzo kiko kwenye uboho, ule ute laini ndani ya mifupa ambako chembe za damu hutengenezwa. Seli moja ikipata hitilafu kwenye vinasaba, inaanza kuzalisha bila breki. Zikizidi chembe nyekundu, ugonjwa unaitwa polisaithemia vera. Ni saratani, ila inakwenda polepole na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi. Haiambukizi, na kwa kawaida hairithiwi. Huwapata zaidi wenye umri mkubwa.

Dalili zake zinadanganya. Kichwa kinauma, kizunguzungu, bandama inavimba hadi mtu anashiba kwa matonge machache. Ya ajabu zaidi ni mwili kuwasha baada ya kuoga, hasa maji ya moto, bila upele wowote. Wengine hawasikii chochote mpaka siku damu inapoganda kwenye mshipa na kuleta kiharusi au shambulio la moyo.

Kipimo cha kuanzia ni cha kawaida tu, picha kamili ya damu. Himoglobini ikizidi 16.5 kwa mwanaume au 16 kwa mwanamke, si jambo la kujisifia. Sigara, ugonjwa wa mapafu na kuishi milimani juu sana pia hupandisha damu, ndiyo maana daktari huagiza kipimo cha jeni ya JAK2. Hitilafu hiyo, iliyogunduliwa mwaka 2005, hukutwa kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa hawa.

Tiba kubwa ni kutolewa damu, karibu nusu lita kwa mara moja, hadi kiwango cha chembe nyekundu kishuke chini ya asilimia 45 ya damu yote. Huongezwa aspirini ya dozi ndogo, na wengine hupewa haidroksiyurea, dawa ileile ya wagonjwa wa selimundu.

Mtego uko hapa: damu ikitolewa mara kwa mara, madini ya chuma hupungua na mgonjwa anachoka. Jirani anamwambia anywe vidonge vya kuongeza damu. Asivinywe kabla ya kumuuliza daktari, maana uboho ukipata chuma unarudia kasi yake, na kazi ya kutoa damu inaanza upya.