Ruga-ruga wa Njia ya Tabora: Hasira, Ukatili na Swali la Haiba

Ruga-ruga walikuwa vijana wa vita waliotamba Unyamwezi, Ukimbu na nchi za jirani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wengi wao hawakuwa na mke, shamba wala mji wa kurudi. Waliishi kwa bunduki, kwa nyara na kwa jina la kiongozi waliyemfuata. Wasafiri na wamisionari waliopita njia ya Bagamoyo hadi Ujiji waliwaeleza kwa namna mbili zisizopatana. Mara walikuwa watu wa hasira za ghafla, wavuta bangi, wanaojitupa vitani kana kwamba roho zao wenyewe hazina thamani. Mara walikuwa watu wa moyo baridi, waporaji wanaoua bila majuto na kulala usingizi mnono.

Elimu ya magonjwa ya akili ya leo ina majina ya tabia zote mbili. Ya kwanza iko karibu na kile wataalamu wanachokiita haiba ya mpakani, yaani hali ya mtu ambaye hisia zake hupanda na kushuka kwa kasi, anayeogopa mno kuachwa, na ambaye hasira yake huweza kumgeukia yeye mwenyewe. Ya pili iko karibu na haiba iliyo kinyume na jamii, yaani hali ya mtu anayekanyaga haki za wengine bila kuona aibu. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi ni wapi hali moja inakoma na nyingine kuanza. Kumbukumbu za Tabora zina la kusema katika ubishi huo, kwa kuwa zinaonyesha tabia za aina zote mbili ndani ya vijana walewale, tena kwa sababu zinazoweza kufuatiliwa.

Tabora, ambayo katika vitabu vya zamani mara nyingi huitwa Kazeh, ilikua kutokana na pembe za ndovu. Richard Burton na John Speke walipofika hapo tarehe 7 Novemba 1857, baada ya miezi zaidi ya minne njiani kutoka pwani, walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamejenga tembe zao katika nchi ya Unyanyembe na kuishi kwa raha. Hapo njia iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kila msafara ulibeba merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba kwenda bara, ukateremsha pembe na watumwa kwenda pwani, na ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi aliyekuwa na nguvu za kuidai.

Biashara hiyo ilibomoa mambo mengi ya kale. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alipoanza kuwatoza Waarabu ushuru, walimwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele aliingia porini na kupigana vita vya kuvizia kwa miaka kadhaa mpaka alipokamatwa na kuuawa mwaka 1865. Wakati huohuo magobori yaliyostaafishwa na majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiuzwa kwa wingi Zanzibar na kupanda bara pamoja na baruti. Kutoka kusini walikuwa wamekwisha kuingia Wangoni, waliosambaratika baada ya kifo cha Zwangendaba huko Ufipa mwishoni mwa miaka ya 1840. Kundi lao la Watuta lilisogea kaskazini likishambulia vijiji, kuchukua vijana na kuwaingiza katika vikosi vyake. Wenyeji wakajifunza kutoka kwao kwamba vijana waliong'olewa katika koo zao, wakawekwa pamoja na kupewa silaha, huwa jeshi ambalo vijiji vya wakulima haviwezi kulizuia.

Ruga-ruga walitokana na mazingira hayo. Safu zao zilijaa mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi waliokimbia mizigo yao, na vijana ambao vijiji vyao vilikuwa vimechomwa. Kabila halikuwa sharti. Kilichowaunganisha kilikuwa ni kukatika kwao na ndugu, na ahadi ya kiongozi kwamba watakula, watavaa na watagawiwa nyara.

Mavazi yao yalichaguliwa kwa makusudi ya kutisha. Walipenda nguo nyekundu, wakawa wanawaambia maadui kwamba ni damu. Walivaa manyoya kichwani, njuga miguuni, bangili za pembe na shaba, na wengine mikufu ya meno ya watu waliowaua. Walivuta bangi kabla ya mapigano. Mtu aliyeuawa alikatwa baadhi ya viungo, na viungo hivyo vikapelekwa kwa mganga vitengenezewe dawa ya vita. Jambo hili huelezwa mara nyingi kama ushahidi wa ukatili mtupu, na ni kweli lilikuwa la kuogofya. Lakini halikuwa pupa ya mtu mmoja mmoja. Lilikuwa na utaratibu, na wenyewe waliamini kuwa lina kazi ya kuwakinga na risasi na kuwavunja moyo wapinzani.

Aliyewatumia kwa ustadi kuliko wote alikuwa Mirambo, mtemi wa Uyowa, aliyezaliwa karibu na mwaka 1840 na kujenga dola yenye makao yake Urambo, magharibi ya Tabora. Mwezi Agosti 1871 Waarabu wa Tabora waliamua kumkomesha, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta David Livingstone, alijiunga nao. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri kwao. Kikosi chini ya Soud bin Sayd kiliteka boma la Wilyankuru, kikapakia pembe, nguo na mateka, na kuanza kurudi. Mirambo alikuwa amewatoa watu wake bomani na kuwalaza katika majani marefu kando ya njia. Walisubiri mpaka washambuliaji walipokuwa wameinama chini ya mizigo ya nyara, ndipo wakainuka. Soud aliuawa pamoja na watu wake wengi, na Waarabu waliosalia wakakimbia hadi Tabora. Tarehe 22 mwezi huohuo Mirambo alifika Tabora kwenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, alitoka na wafuasi wake kumkabili, akauawa, na sehemu ya mji ikachomwa.

Tukio la Wilyankuru ni la kuangaliwa kwa karibu. Vijana wanaosemekana kuwa hawawezi kuzuia hasira zao walilala kimya katika majani, wakiona mali yao ikibebwa mbele ya macho yao, mpaka walipopewa ishara. Mtu ambaye msukumo wa moyo unamtawala hawezi kufanya hivyo, au akifanya mara moja hawezi kufanya kila mara. Ghadhabu ya ruga-ruga ilifunguliwa na kufungwa kwa amri.

Mirambo mwenyewe alilijua hilo. Stanley alipokutana naye Serombo mwezi Aprili 1876, wakachanjiana udugu, alishangaa kumkuta mtu mpole wa sauti na mwenye adabu, mbali kabisa na jambazi aliyemfikiria. Katika mazungumzo yao Mirambo alieleza kwamba vitani alipendelea vijana, kwa kuwa mtu mwenye mke na watoto huwafikiria wao risasi zinapoanza kulia. Kutokuwa na uhusiano, ambako daktari wa leo angekuhesabu kama dalili, kwa Mirambo kulikuwa kigezo cha kuandikisha jeshi. Daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society, aliyeishi Urambo tangu 1879 hadi kifo chake mwaka 1882, aliishi katikati ya watu hawa, katika mji mkuu uliokuwa na amri na soko lenye shughuli.

Kusini-mashariki, katika Ukimbu, Nyungu ya Mawe alitumia ruga-ruga kwa ukali zaidi. Aliponda dola ndogo nyingi za Wakimbu katika miaka ya 1870. Hata hivyo baada ya ushindi aliweka juu ya nchi hizo magavana walioitwa vatwale, ambao kazi yao ilikuwa kukusanya pembe na kuzipeleka kwake. Watu wa vita wakawa watu wa ushuru. Nyungu na Mirambo walikufa mwezi mmoja, Desemba 1884. Dola ya Mirambo ilisambaratika upesi mikononi mwa mrithi wake Mpandashalo. Ile ya Nyungu ilimpata mrithi mwanamke, Mgalula, ikaendelea kusimama hadi Wajerumani walipofika. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa haiba za ruga-ruga, kwa kuwa walikuwa watu wa aina ileile. Iko katika vyeo na majukumu waliyopewa vita ilipokwisha.

Hapa ndipo inafaa kurudi kwenye elimu ya akili. Mwaka 1938 Adolph Stern, daktari wa New York, aliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa kama mpakani, kati ya wenye wasiwasi wa kawaida na wenye wazimu. Mwaka 1941 Hervey Cleckley alitoa kitabu mashuhuri kuhusu watu wenye sura ya uzima lakini wasiokuwa na majuto. Mikondo hiyo miwili iliingizwa kama magonjwa mawili tofauti katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 1980. Matatizo yakaonekana mara moja. Watu wengi, hasa magerezani, walitimiza vigezo vyote viwili. Wote walikuwa na papara, hasira na maisha ya kuhatarisha, na wengi walikuwa wameteswa au kutelekezwa utotoni. Kilichowatenganisha zaidi kilikuwa mwelekeo wa madhara: mmoja hujiumiza kwa hofu ya kuachwa, mwingine huumiza wenzake kwa faida au kwa kutojali. Ilisemwa pia, na kwa haki, kwamba tabia ileile ikionekana kwa mwanamke hupewa jina la kwanza na ikionekana kwa mwanamume hupewa la pili. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 imeacha sehemu kubwa ya mgawanyo huo. Inapima kwanza ukubwa wa tatizo la haiba, kisha inataja sifa zake, kama vile mihemko hasi, kutojali wengine na kushindwa kujizuia, na sifa hizo huweza kukaa pamoja ndani ya mtu mmoja.

Kwa kipimo hicho kipya ruga-ruga angeweza kuandikiwa sifa zote tatu, na jibu hilo lingekuwa na kasoro kubwa. Tatizo la haiba ni la mtu, hudumu kwa miaka na humfuata kila anakokwenda, nyumbani, kazini na kwenye urafiki. Tabia za ruga-ruga zilikuwa za kikosi. Ziliwashwa na bangi, mavazi, dawa na amri, na zilielekezwa kwa adui aliyechaguliwa na mtemi. Bila shaka miongoni mwao walikuwamo wachache ambao wangekuwa wakatili popote, na wengine ambao majeraha ya utekwaji hayakuwaachia utulivu. Kumbukumbu zilizobaki zinaonyesha kundi, na daktari hapimi kundi.

Kosa la kupima kundi lilikwisha kufanywa Afrika Mashariki. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika mwaka 1953 kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani kuhusu akili ya Mwafrika, akamfananisha Mwafrika mzima wa akili na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau, ambamo uasi wa kisiasa uligeuzwa suala la saikolojia. Ardhi iliyonyang'anywa ikawa pembeni ya hoja. Waandishi waliowaita ruga-ruga watu wa damu ya ukatili walikuwa wametangulia njia hiyohiyo, wakisahau bei ya pembe na soko la magobori.

Tanganyika nayo ilipata hospitali yake ya akili Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, katika nchi ya Wagogo ambako misafara ya Tabora ilikuwa ikilipa hongo miaka hamsini kabla. Kando yake ipo taasisi ya Isanga, inayopokea wagonjwa wa akili waliotenda makosa ya jinai. Huko mtu hupimwa mmoja mmoja, kwa amri ya mahakama, na swali la kama alitenda kwa hasira isiyozuilika au kwa kutojali huwa na uzito wa kisheria.

Ruga-ruga wenyewe walikwisha kabla ya hapo. Mwezi Januari 1893 Wajerumani chini ya Tom von Prince walivamia ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, naye akajilipua kwa baruti yake badala ya kukubali kukamatwa. Baada yake hakubaki Unyamwezi mtemi aliyeweza kulisha jeshi la vijana. Wengine walichukuliwa na Wajerumani kama wasaidizi wa askari, wakatumika katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na tena katika Vita Kuu ya Kwanza, na jina lao likaendelea kutisha vijiji vya kusini ambavyo havikuwahi kumwona Mirambo. Lakini njia iliyowazaa ilikuwa ikifa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mabehewa yakachukua kazi ya misafara. Vijana wa Unyamwezi waliokuwa wakitafuta bahati yao mbali na nyumbani waliendelea kuitafuta, ila sasa walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, wakalipwa kwa kipande na kurudi na nguo, majembe na fedha ya kodi.